Aliyekohoa Banini

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tasnifu yake ofisini, karatasi zote amezitia kwenye kifuko cha katani alichopewa na baba yake, mkulima wa tumbaku. Nilipokifungua, harufu ikanijaa puani: utamu wa asali iliyoungua kidogo, na nyuma yake ule ukali unaowasha koo. Mwanafunzi alikuwa akinieleza matatizo ya sura ya tatu. Sikumsikia. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka kumi, nimesimama kwenye njia ya shambani huko Katumba, sufuria ya maharage kichwani, nikitega sikio kama bani la kukaushia tumbaku litakohoa.

Kazi yangu ni mizimu. Nazunguka vijijini nikikusanya hadithi za wafu wanaotembea, kisha darasani nazilinganisha na riwaya za kutisha za nchi za mbali, zile zenye majumba mabovu na chumba kimoja kisichofunguliwa. Ndugu zangu huniita Mama Majini, na shemeji yangu mmoja hali chakula nilichopika mimi siku ya Ijumaa, wala hasemi kwa nini. Kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuniuliza kama mimi mwenyewe niliwahi kukutana na mzimu. Huwa nacheka, naendelea na somo. Ninyi nitawaambia, maana hamna mtihani wa kufanya.

Nyumbani kwetu tuliishi watatu: nyogokuru, yaani bibi yangu mzaa mama, mama, na mimi, Dafroza. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Babu, mzee aliyevuta kiko na kukohoa tangu alfajiri hadi usiku, alimfuata miaka michache baadaye. Yeye na bibi walikuwa wamekimbia Burundi mwaka ule wa mauaji, sabini na mbili, wakapewa eneo katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, pori la miombo, wakalifyeka kwa mikono yao. Babu alijenga bani la kukaushia tumbaku kwa matofali ya udongo, refu kuliko nyumba yetu, halina dirisha hata moja. Alipokufa tukawa tunakausha kwa jirani, na bani lake likabaki nyuma ya migomba, mlango umefungwa kwa waya, nyasi zimeota mpaka kizingitini.

Nyogokuru alikuwa mlokole, na si wa Jumapili tu. Aliwahi kumfuata mwanamke mmoja hadi stesheni ya treni kumwambia kwamba kile kitenge alichomsifia asubuhi, kwa kweli hakikumpendeza. Uongo aliuogopa kuliko nyoka. “Njia ya mwongo ni fupi,” alikuwa akiniambia, hata nilipokuwa sijasema lolote. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyejifunza ukubwani: muntu, mule, muzima. Mimi nilikuwa darasa la nne, wa kwanza katika Kiswahili muhula baada ya muhula, na nilikuwa na ugonjwa wa kusahihisha watu. “Si muntu, nyogokuru, ni mtu.” Alinijibu, “Mutu,” akaendelea kupeta maharage.

Kikohozi kilianza msimu wa kuvuna, mwaka mmoja hivi baada ya vita kurudi tena Burundi. Waliokisikia kwanza ni watoto wa jirani waliokwenda kutafuta kuni nyuma ya migomba yetu. Ilikuwa saa saba mchana. Kwetu mizimu haikuwa na haja ya kungoja giza. Jua likiwa utosini na watu wazima wamejilaza, hiyo ndiyo ilikuwa saa yao, na mtoto mwenye adabu hakuonekana njiani. Watoto wale walirudi mbio, kuni wameziacha. Mama yao akaja kumuuliza nyogokuru kulikoni. Nyogokuru alifikiri kidogo, akasema, “Mume wangu alikuwa anakohoa hivyo hivyo.” Kabla ya jioni kijiji chote kilikuwa kinajua kwamba mzee amerudi.

Sijui kama mnaikumbuka hofu ya utotoni jinsi inavyokaa mwilini. Yangu ilikaa kwenye magoti. Kila siku ilinibidi kupeleka chakula shambani, na njia ilipita hatua ishirini tu kutoka kwenye lile bani. Nilikuwa naanza kuimba wimbo wa kanisani tangu jikoni, na nikilikaribia napandisha sauti mpaka inapasuka. Babu alinipenda alipokuwa hai, hilo nililijua, lakini sikuwa na hakika kama mtu akifa anaendelea kukumbuka aliowapenda. Usiku nililala nimeshika kanga ya mama.

Kulikuwa na jambo lililonitisha kuliko hicho kikohozi. Kirundi kina neno, guterekera: kuwawekea wafu chakula na pombe ili watulie. Wazee wa zamani walifanya hivyo. Walokole walilikataza kabisa, na nyogokuru mwenyewe alikuwa amesimama kanisani kushuhudia jinsi alivyoliacha. Sasa nilimwona kwa macho yangu akitoka kwa mlango wa nyuma, bakuli limefunikwa kwa jani la mgomba, anaelekea banini. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Nikajificha chooni nikalia, nikimwona bibi yangu motoni na kanisa zima limesimama pembeni likimtazama.

Lakini bakuli lilirudi tupu, na hapo ndipo akili ya shule ilipoanza kunisumbua. Nilikuwa nimesikia kwamba wafu hula harufu tu, chakula chenyewe hubaki. Huyu alimaliza ugali, akamaliza maharage, akakomba na mchuzi. Siku moja bakuli lilirudi limeoshwa. Babu, hata alipokuwa hai, hakuwahi kuosha chombo.

Nikaenda. Sijui kama ulikuwa ujasiri au nilitaka kumwokoa nyogokuru na moto wa milele. Labda ni udadisi tu, ambao ndio umenilisha mpaka leo. Nilikunjua waya, nikasukuma mlango. Ile harufu ikanipiga usoni. Kwenye mwanga mwembamba uliopenya katika nyufa za ukuta nilimwona mwanamume kijana amekaa juu ya magunia, anachambua majani ya tumbaku yetu, mazuri huku, yenye madoa kule. Alikuwa na masikio ya babu, yale yale yaliyosimama. Akaniambia kwa Kirundi, polepole, “Dafroza, funga mlango. Upepo unainua vumbi, nami vumbi linanikohoza.”

Mama alinichapa kwanza, akanieleza baadaye. Yule alikuwa Bonifasi, mdogo wake wa tumbo moja, aliyebaki Burundi akiwa mtoto wa kunyonya mwaka wa kukimbia. Alilelewa huko na dada yake nyogokuru. Vita vya mara hii vilikuwa vimeichoma nyumba na kuwaua wote waliokuwamo, naye akatembea mpaka mpakani, akavuka, akaja kumtafuta nyogokuru, mama yake, ambaye sura yake hakuwa anaikumbuka. Lakini wakimbizi wapya walitakiwa kukaa kwenye kambi za Kigoma. Katumba ilikuwa ya watu wa zamani, na yeye hakuwa na karatasi yoyote.

“Akionekana atachukuliwa,” mama alisema. “Na watu wanasema wengine wanarudishwa mpaka ng'ambo. Kule hana mtu, Dafro. Kule ni kufa. Kwa hiyo usimwambie mtu. Hata ukiomba kwa Yesu, omba kimyakimya.”

Kuanzia siku hiyo nikaacha kumwogopa babu, nikaanza kumwogopea mjomba, na niwaambieni kweli, ile hofu ya kwanza ilikuwa nafuu. Kengele ya baiskeli ikilia barabarani, nilikimbia kuchungulia ni nani. Mwalimu akiniita jina darasani, nilidhani wamekwisha kujua. Nilihesabu majivu ya moto wetu, nikaona ni mengi kwa watu watatu, nikayatawanya kwenye migomba. Na kikohozi hakikukoma. Mjomba alijitahidi kukizuia kwa shuka, lakini tumbaku haina huruma, na nguvu zilimwishia mchana, jua lilipolichoma paa. Kilichotulinda ni uvumi. Watu walikuwa wakizunguka mbali wasipite karibu na bani, na sisi hatukuukanusha.

Halafu akaja Bwana Mizimu. Hilo ndilo jina alilopewa na watoto hata kabla hajashuka vizuri kwenye treni ya kutoka Tabora. Alikuwa kijana wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye viatu vya ngozi visivyofaa kwa vumbi letu. Alikuwa na barua yenye muhuri wa ofisi ya makazi, daftari, na redio kaseti iliyofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa akikusanya habari za mizimu mkoa mzima. Alikwisha kupita kwa Wabende, wakamsimulia habari za Katabi, mzimu wa ziwani. Sasa alitaka kujua Warundi wa Katumba walikuja na mizimu gani. Na majirani, kwa wema wao wote, kila mmoja kwa wakati wake, wakamwelekeza kwetu. Walijivunia. Hakuna kijiji kingine kilichokuwa na mzimu unaokohoa kwa saa maalumu.

“Tumwambie nyogokuru anaumwa,” nilisema.

“Tukimkataa watajiuliza tunaficha nini,” mama akajibu. “Na bibi yako hawezi kusema anaumwa wakati haumwi. Unamjua.”

Alikuja siku ya Jumamosi, saa sita na nusu. Tulimwazimia kiti kwa jirani. Alikaa kwenye kivuli cha nyumba, redio yake juu ya kigoda, na kutoka pale ncha ya paa la bani ilionekana juu ya migomba. Nyogokuru alikaa mkekani, amefunga kitambaa chake cha kanisani. Mama alikuwa akitwanga mihogo pembeni, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Mimi niliwekwa karibu na mgeni, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba ninajua Kiswahili na ningemsaidia pale matamshi ya bibi yatakapompiga chenga.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwana wanje. Karibu.” Alimwita mwanangu kwa Kirundi, kama alivyoniita mimi.

Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Aliuliza juu ya safari, juu ya pori walilolikuta, juu ya simba wa siku zile. Kisha akakohoa kidogo yeye mwenyewe, kwa haya, akasema, “Bibi, nasikia marehemu mzee bado anasikika kule banini.”

“Mume wangu alikuwa anakohoa sana,” nyogokuru alisema.

“Hata baada ya kufa?”

“Kifua cha muntu kinarithiwa.”

Aliandika haraka, akapiga mstari chini yake. Nadhani aliichukua kuwa methali ya Kirundi, na huenda mpaka leo imo kwenye kitabu mahali fulani.

Ndipo kikaja. Kimoja, kimezibwa na shuka. Halafu cha pili, ambacho hakikuzibwa. Mchi wa mama ulishuka nje ya kinu ukapiga ardhi. Kalamu ya Bwana Mizimu ilisimama. Nilimwona akimeza mate, kisha macho yake yakawaka. Nayafahamu sasa macho yale, kwa sababu mimi pia huwaka hivyo ninapopewa hadithi ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Alisimama nusu. “Bibi,” alisema kwa sauti ya chini, “mle ndani kuna nini?”

Nilimtazama nyogokuru mdomoni. Neno lenyewe lilikuwa dogo. Mzimu, basi. Kwa Kirundi ni lile lile, umuzimu, wala halikuhitaji Kiswahili cha shule. Kijiji kizima kilikuwa kimemsaidia kulisema. Alinyoosha kanga yake magotini.

“Mule muna muzima,” akasema.

Muzima: mtu hai, mwenye afya, anayepumua. Kwa Kirundi na kwa Kiswahili maana ni ile ile.

Bwana Mizimu aliinamisha kichwa. “Amesema mzimu, au mzima?” Hakungoja jibu. Alibonyeza kitufe, kaseti ikarudi nyuma kwa ule mlio wake wa panya, akabonyeza tena. Sauti ya bibi ikatoka kwenye redio, kubwa kuliko ilivyokuwa mdomoni: Mule muna muzima. Hakuna mwenye masikio ambaye angeikosa ile a ya mwisho. Alinigeukia. “Binti, wewe ndiye fundi wa Kiswahili. Bibi amesema nini?”

Nakumbuka jua mgongoni, na inzi mmoja kwenye ukingo wa kikombe chake.

“Mzimu,” nikasema. “Bibi hajui Kiswahili. Huwa anachanganya, hata shuleni kwetu wanamcheka. Alitaka kusema, mle mna mzimu.”

Nyogokuru alifungua mdomo. Mama akamwahi: “Mama, chai ya mgeni inapoa.”

Nami, nikiwa nimekwisha kuanza, sikuweza tena kusimama. Nikamwambia kwamba mzimu wenyewe ni mkali. Kwamba mbuzi wetu aliingia mle akatoka hana sauti, akawa anafungua mdomo tu. Kwamba fundi mmoja aliyekwenda kung'oa bati alipatwa na kikohozi kile kile kifuani mwake na akafa nacho kwao Mwese. Fundi hakuwapo, mbuzi hakuwapo, hata bati halikuwapo, maana paa la bani lilikuwa la nyasi na msomi yule alikuwa analiona kwa macho yake. Lakini aliyaandika yote. Ilikuwa hadithi yangu ya kwanza ya kutisha, na sijawahi kupata tena msikilizaji wa namna ile. Aliposema angependa asogee mlangoni arekodi kwa karibu, alitazama migomba, akatazama jua, akatazama redio yake. “Betri zimeisha nguvu,” akasema. Kitaa chekundu cha redio kilikuwa kinawaka vizuri kabisa.

Aliondoka akitushukuru sana. Kwa wiki mbili nzima niliamka nikingoja askari, nikasikia nyayo mahali ambapo hapakuwa na nyayo, nikakonda mpaka mama akadhani nina minyoo. Hakuja mtu. Mama alinikaangia yai, mimi peke yangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata nilipofaulu. Mjomba aliniita banini akanishika kichwa kwa mikono yake miwili yenye gundi ya tumbaku.

Nyogokuru, jioni ile mgeni alipoondoka, alinipa chakula akiwa ametazama pembeni, na kwa siku nyingi hakuniita mwana wanje. Iliniuma. Nilijua nimemwaibisha mbele ya mgeni kwa kusema hajui lugha, na nilijua amechukia kwamba mjukuu wa mlokole amesema uongo kwa ufasaha vile. Lakini nilitegemea kwamba mtu akiokolewa mwanawe angalau atamtazama usoni aliyemwokoa. Nilimwona hana shukrani. Nilikuwa na miaka kumi na nilimhukumu bibi yangu.

Mjomba Bonifasi hakuchukuliwa. Mvua zilipoisha alihamia Mishamo, makazi mengine ya wakimbizi wa zamani, kwa baiskeli ya kuazima, akalima, akaoa, na baada ya miaka mingi akapata uraia pamoja na sisi wengine. Kisa cha bani kikawa kichekesho cha familia. Mashemeji zake humwita Mzimu mpaka leo: Mzimu, pita mezani; Mzimu, ongeza nyama. Yeye mwenyewe hucheka mpaka akakohoa. Aliyekuwa hacheki ni nyogokuru peke yake. Jina hilo likitajwa, alikuwa anainuka na kutafuta kazi ya kufanya nje.

Nilipokuwa naandika kitabu changu cha kwanza, nilirudi Katumba na kinasa sauti changu. Nilikuwa tayari na sura nzima kichwani kuhusu siku ile: dhamiri ya mcha Mungu, irabu moja inayotenganisha uhai na mauti, mwanamke aliyekataa uongo hata mbele ya hatari. Nilikuwa naipenda sana sura hiyo. Nyogokuru alikuwa amezeeka, macho yake yameingia ukungu, lakini vidole bado viliijua kazi ya maharage. Nikamuuliza, “Siku ile ya kaseti, nyogokuru, ulikosea neno, au ulikataa kusema uongo?”

“Uongo?” Alionekana kushangaa. “Uongo ningesema. Kwa ajili ya mwana, Mungu anasamehe.”

“Sasa kwa nini hukusema mzimu?”

Alipeta kwa muda. Akatoa jiwe, akalitupa.

“Tulipofika hapa, mwaka ule, karani aliniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia huyu mama yako. Akauliza, mwingine yuko? Nikasema yule mudogo alikufa njiani.” Sauti yake haikupanda wala kushuka. “Hakuwa amekufa. Tulikuwa tumejificha, naye alikuwa analia, watu wakasema kilio chake kitatuuza sote. Nikamupa dada yangu arudi naye. Nikaona haya kusema nimemwacha mwanangu. Nikasema amekufa, karani akaandika. Miaka ishirini nilifikiri ni mudomo wangu ndio umemuua.” Alinyoosha mkono akanipapasa goti, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba bado nipo. “Mutu hawezi kusema vile mara mbili, mwana wanje.”

Nilizima kinasa sauti. Ile sura ya kitabu sikuiandika, na sijawahi kuiandika mpaka leo. Najua kwamba neno langu lilimwokoa mjomba, na kama siku ile ingerudi ningelisema tena bila kusita. Lakini kwa miaka yote ile nilikuwa nikijisifu nalo mezani, bibi yangu akiinuka na kutoka nje, na sikuwahi kujiuliza alikuwa amesikia nini. Alikuwa amejizuia asimtaje mwanawe kati ya wafu mara ya pili. Mara ya pili akasemewa na mjukuu wake, mchana kweupe, kwa Kiswahili fasaha.